Mwenda wa Bayeke: Gitaa Kavu na Gitaa la Umeme



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi mlitarajia nichague shekhe, mshairi, au mmoja wa walimu wakubwa wa kisiwa hiki. Hao wameandikwa, na wataandikwa tena na watu hodari kuliko mimi. Nimemchagua mpiga gitaa wa Katanga, kule Kongo, mtu ambaye hakupata kukanyaga Wete kwa ninavyojua, lakini aliimba kwa lugha yetu, na maisha yake yanagusa ubishi ambao hauishi katika mikusanyiko yetu. Tunapokutana, wakubwa hutaka udi na fidla, vijana hutaka kinanda cha umeme na maspika makubwa, na kila upande huona kwamba mwenziwe amepotea njia. Mtu huyu aliishi katika pande zote mbili. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 katika Bunkeya. Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, kwani Bunkeya si mahali pageni kwa historia yetu. Ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara wa pembe na shaba ambaye asili yake ilikuwa Usumbwa, magharibi ya Tanganyika, na ambaye alijijengea ufalme huko Katanga katika karne ya 19. Watu wake waliitwa Wayeke, na kwa Kiswahili cha huko wanasema Bayeke. Mwaka 1891 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipeleka msafara chini ya Kapteni Stairs kwenda kuichukua nchi ile. Msafara huo ulitayarishwa Unguja, ukavuka kwenda Bagamoyo, na wapagazi wengi walitoka kwetu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo lugha ya Kiswahili ilifika Katanga kwanza kwa njia ya biashara, khalafu Wabelgiji wakaitumia kuwaongoza wafanyakazi wa migodi waliokusanywa kutoka makabila mengi, na ikawa ndiyo lugha ya miji. Si Kiswahili cha Wete, na mwalimu wetu wa sarufi angekitia wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mtu wa Pemba akikisikiliza kwa utulivu haachi kukifahamu.

Mwenda alikulia katika miji hiyo ya migodi, hasa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Katika miaka ile gitaa lilikuwa chombo cha kijana wa mjini aliyepata mshahara. Yalikuwapo magitaa rahisi yaliyotengenezwa Afrika ya Kusini, mengine na kampuni ya Gallo, ambayo pia ilikuwa ikitoa santuri. Kwa faida ya wanafunzi wanaopenda mambo ya Ulaya, gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa la kampuni hiyo hiyo, na alilipata Liverpool.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine yake ya kunasia sauti, alifika Jadotville na kumkuta Mwenda barabarani na gitaa lake. Alimnasa. Namlinganisha na Siti binti Saad wetu, ambaye mwaka 1928 ilimlazimu kupanda chombo mpaka Bombay ili sauti yake iingie katika santuri. Mwenda alifuatwa mjini kwake. Wimbo wake wa Masanga ulitolewa na Gallo, ukapewa tuzo ya Osborn ya Chama cha Muziki wa Kiafrika, na tangu hapo jina la kijana wa miaka 22 likajulikana kutoka Katanga hadi Nairobi na mbali zaidi.

Sasa yafaa tujiulize kilichokuwamo ndani ya wimbo ule. Wapigaji wengi wa gitaa hutumia mkono wa kulia kukwangura nyuzi zote kwa pamoja, ili sauti ya mwimbaji ipate pa kulalia. Mwenda hakufanya hivyo. Alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembea na besi, na kidole cha shahada kilicheza juu katika nyuzi nyembamba, kikitoa nyimbo nyingine kabisa. Mara viwili hivyo hupishana, mara hujibizana, mara kimoja hukaa kimya makusudi ili mwenziwe asikike. Anayesikiliza bila ya kuona huapa kwamba wapo watu wawili. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika makala ndefu mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la utafiti wa muziki wa Afrika, akiupima upigaji wa Mwenda noti kwa noti. Alichokishughulikia hasa ni namna Mwenda alivyokuwa akitunga papo hapo, maana hakuwa mtu wa kurudia kipande kilekile kama kasuku. Aliyesikia mpigaji hodari wa udi akifungua taksim kabla ya wimbo atafahamu mara moja ninachokusudia.

Gitaa alilolipiga wakati ule ndilo linaloitwa gitaa kavu. Jina hili limeenea Kongo na Kenya, na ni jina zuri. Kavu kwa sababu halina kitu kilichochanganywa ndani yake. Uzi hutikisika, ubao mwembamba hutikisika nao, na tumbo tupu la gitaa huikuza sauti. Basi. Udi wetu ni mkavu vilevile, na gambusi.

Gitaa la umeme ni jambo jengine. Mara nyingi tumbo halimo kabisa, ni ubao mzima. Chini ya nyuzi za chuma zimewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na uzi ukitikisika juu ya sumaku huzaa mkondo mdogo wa umeme katika waya ule. Mkondo huo hupelekwa katika mashine ya kukuza sauti, na kutoka huko katika spika. Wanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu wataona kwamba hii ni sheria ya Faraday tu, na wala hakuna uchawi. Lakini matokeo yake kwa mpigaji ni makubwa. Katika gitaa kavu noti hufa upesi, na ndiyo maana gumba halina ruhusa ya kupumzika. Katika gitaa la umeme noti hukaa, huelea, na mtu mmoja anaweza kusikika mbele ya watu elfu moja wanaocheza na kupiga kelele.

Na ukisikika mbele ya watu elfu, huhitajiki tena kuwa peke yako. Bendi za Kongo ziligawa kazi: mmoja gitaa la besi, mmoja ridhimu, mmoja gitaa la pili, na mmoja solo. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa, kubwa kuliko umeme wenyewe. Kazi iliyokuwa ya vidole viwili vya mtu mmoja ikawa ya watu wanne. Aliyekuwa hodari wa kuichukua mizigo yote kwa pamoja akaambiwa achukue mmoja tu, tena asiingie katika njia ya mwenziwe.

Mwenda hakuikataa kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Nairobi kwa muda, ambako alifanya matangazo ya vidonge vya Aspro na alikuwa na kipindi chake redioni. Mwenziwe wa Katanga, Edouard Masengo, naye alikuwa Nairobi katika zama hizo. Vijana wa Kenya waliwatazama wageni hawa vidole. Magharibi ya nchi hiyo ulikuwapo mtindo wao wenyewe wa gitaa kavu, omutibo, ambao mtu wake mkubwa alikuwa George Mukabi. Kwa hiyo Mwenda hakuwakuta watu watupu, bali alikuta soko lenye washindani. Hata hivyo wengi walioanza kushika gitaa Kenya katika miaka hiyo walipitia kwake kwanza, na hata wasiojua kuimba maneno yake walijaribu kuiga gumba lake.

Kwao nako dunia ilikuwa inabadilika kwa nguvu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga chini ya Moise Tshombe. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa mjukuu wa yule yule Msiri wa Bunkeya. Vita vya kujitenga vilimalizika Januari 1963. Mji wa Elisabethville ukawa Lubumbashi mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu aliposema watu waache majina ya kizungu, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa watu wake. Jimbo la Katanga nalo likapewa jina la Shaba, neno letu hasa.

Kutokana na jina hilo likaja jina la bendi yake: Super Shaba. Hii ilikuwa bendi ya kisasa ya magitaa ya umeme, ya kuchezesha watu usiku. Mwenda alikuwa mwenye bendi na msimamizi wake. Mchana alikuwa mwajiriwa. Alifanya kazi benki alipokuwa Likasi, na baadaye katika shirika la migodi la Gécamines, Lubumbashi. Alikuwa pia na hoteli karibu na mpaka wa Zambia, ambayo aliipa jina la bendi yake. Mimi mtumishi wa serikali nayapenda sana mambo haya. Watu wengi wakisikia mwanamuziki hufikiria mtu wa kuranda na kulala mchana. Huyu alikuwa mtu wa kutia sahihi daftari la mahudhurio asubuhi, wa kungoja mshahara mwisho wa mwezi, na wa kujua hesabu za bendi na za hoteli.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la muziki wa jadi la Newport. Huenda jina la Newport halikuambii kitu, basi ngoja nikueleze. Ni pale pale ambapo miaka minne kabla, Julai 1965, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme baada ya kujulikana kwa gitaa kavu, na sehemu ya wasikilizaji wakamzomea. Waliona amewauza. Walitaka abaki kavu, maskini na mkweli, kama kwamba ukweli unakatika umeme ukiingia. Mwenda aliitwa mahali penye kidonda hicho, ambapo watu walishaamua kwamba gitaa kavu ndiyo roho na umeme ni biashara. Na nyumbani kwao nako vijana walishaamua kinyume chake, kwamba kavu ni mambo ya wazee.

Kisa kama hiki kilimpata pia Mmarekani mweusi, Muddy Waters, na nakitaja kwa sababu kinachekesha. Huyu alizaliwa Mississippi, akaanza na gitaa kavu shambani, akahamia Chicago mwaka 1943, na huko kelele za vilabu zikamlazimisha kushika la umeme. Mwaka 1958 alikwenda Uingereza na gitaa lake la umeme, na baadhi ya Waingereza wakashtuka. Kumbe walikuwa wakimsubiri mkulima. Aliporudi mwaka 1963, akakumbuka yaliyompata na kuchukua gitaa kavu. Safari hii vijana wa Kiingereza, ambao katika muda ule walikuwa wamejifunza kupiga umeme kutokana na santuri zake, wakasikitika: umeme wako wapi? Mwaka 1964 ilitoka sahani yake iliyopigwa kwa magitaa kavu matupu. Khalafu akarudi kwenye umeme wake, na humo akabaki mpaka alipofariki mwaka 1983. Nadhani alichoka kuulizwa.

Mwenda hakuchagua hivyo. Alikuwa na umeme kwa ajili ya Super Shaba na watu wa Lubumbashi, na alikuwa na ukavu kwa ajili yake na kwa wale waliomfuata kutoka mbali. Miaka ilivyokwenda wafuasi hao waliongezeka. Mwingereza mmoja, John Low, ambaye alikuwa amejifunza gitaa kwa kusikiliza santuri za zamani, alisafiri mpaka Shaba mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwatafuta wapigaji waliozitoa, akamkuta Mwenda na kupata masomo kwake. Safari hiyo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Fikirini jambo hili. Mji mzima unacheza magitaa manne ya umeme, na mgeni anagonga mlango kumuuliza mwenye bendi juu ya wimbo alioupiga barabarani akiwa na miaka 22.

Wapo wanaosema kwamba wazungu wa namna hii huwarejesha wasanii wetu nyuma, na kuwataka wabaki katika picha ya zamani kama vyombo vya jumba la makumbusho. Lipo kweli ndani ya neno hilo, na kisa cha Muddy Waters ni ushahidi. Lakini nimemsikiliza Mwenda mara nyingi, tangu nilipokuwa Chuo Kikuu Dar es Salaam, ambako mwenzangu wa Kigoma alikuwa na kanda yake moja ambayo hakukubali kuiazima hata kwa usiku mmoja, na siwezi kukubali kwamba mtu yule alirudi kwenye gitaa kavu kwa sababu ya kuombwa tu. Kwa mwanamuziki aliyezoea bendi, kurudi peke yake si starehe. Hakuna besi wa kumshikilia akiteleza. Hakuna ngoma ya kumfichia wakati. Noti inakufa mara tu inapozaliwa, na gumba lazima liamke tena, usiku kucha. Ukiwa umekaa miaka mingi na gitaa la umeme, ambalo nyuzi zake ni laini na hukubali kuguswa kidogo, vidole hulainika, na ukirudi kwenye nyuzi ngumu huuma mpaka sugu ziote upya. Hata kuufuata upande wa pili, yaani kutoka kavu kwenda umeme, kuna adabu yake: mkono uliozoea kupiga kwa nguvu ili usikike lazima ujifunze kutulia, kwani kila kosa sasa linakuzwa pamoja na kila uzuri.

Sisi tuliosoma Wete kabla ya 2010, mwaka uliofika waya wa umeme chini ya bahari kutoka Tanga, twajua jambo ambalo watu wa miji mikubwa hawalifikirii. Umeme ulikuwa wa majenereta, na haukuwa na ahadi. Shughuli ikiwa na kinanda cha umeme na ukazimika, watu wote walikaa gizani wakitazamana. Ikiwa na udi, mtu aliwasha kandili na wimbo ukaendelea. Lakini tusijidanganye pia. Udi ule ulisikika na safu tatu za mbele, na waliokuwa nje dirishani walisikia makofi tu. Basi anayewaambia vijana wetu waache spika na awaambie vilevile wale wa dirishani wafanye nini.

Mwaka 1988 Mwenda alikuwa Cape Town, Afrika ya Kusini, na huko akaingia studio. Alikuwa na umri wa miaka 58. Alichukua gitaa kavu, akaimba na kupiga, zikiwemo nyimbo zake za zamani. Vyombo vya kunasia sauti vilikuwa bora mara nyingi kuliko mashine ya Tracey ya mwaka 1952, na kwa hiyo mambo ambayo katika santuri ya zamani yalimezwa na mikwaruzo yanasikika yote: kucha inapogusa uzi, gumba linapoteleza kutoka uzi mmoja hadi mwengine, pumzi kabla ya ubeti. Sauti imezeeka kidogo. Kasi imepungua kidogo pia, na mimi naipenda hivyo, kwa sababu sasa unaweza kuvifuata vidole viwili kimoja kimoja na kuona jinsi kijana yule alivyotufanya tuamini kwamba wapo watu wawili. Lakini naona jambo moja zaidi, na wanaojua muziki watanisahihisha. Katika upigaji wake wa uzeeni nasikia nafasi. Huacha kimya mahali ambapo zamani alipajaza, kama kwamba anamwachia mtu mwengine aingie. Nadhani hiyo ni tabia ya mtu aliyeongoza bendi miaka mingi, akazoea kugawana kazi na wenziwe.

Hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Mwezi wa Septemba 1990 alipata ajali ya gari nchini Zambia na kufariki dunia, umri wa miaka 60. Sahani ya Cape Town ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, wakati yeye amekwisha kuwa kaburini miaka minne. Jimbo lake lilirudishiwa jina la Katanga mwaka 1997, na likagawanywa mwaka 2015. Bunkeya sasa imo katika Lualaba, na Likasi imo katika Katanga ya Juu.

Mwanafunzi anayetaka kumsikia na aanze na Masanga ile ya 1952, khalafu atafute ya uzeeni, azisikilize moja baada ya nyingine, na ikiwezekana awe na gitaa mkononi. Kama hana gitaa, udi utamfaa.